Filamu yetu ya Bagamoyo inauzwa kwenye flashi Tanga: tuanzie wapi?

*"Tuko kikundi cha watu tisa, wengi tumesoma sanaa hapahapa Bagamoyo. Tumetengeneza filamu ya dakika 90. Tuliionyesha ukumbini mara mbili, kisha tukawatumia nakala watu watano waliosema wanatutafutia wanunuzi. Wiki tatu baadaye shemeji yangu wa Tanga akanipigia kwamba amewekewa filamu hiyo kwenye flashi huko Ngamiani. Kuitafuta, nikaikuta kwenye kundi la Telegram linalotoza elfu mbili kwa mwezi, na kwenye chaneli moja ya YouTube, picha imegeuzwa kushoto kuwa kulia. Kampuni yetu imesajiliwa BRELA na kibali cha Bodi ya Filamu tunacho. Edita tumemlipa nusu, na projekti ya uhariri bado anayo yeye. Ndani kuna wimbo wa zamani wa taarabu ya Tanga, kama sekunde 25 hivi, lakini tumeambiwa chini ya sekunde 30 si kosa. Je, tunaweza kuwafunga hawa watu? Na kwa nini TCRA wasiifunge hiyo Telegram?"*

Poleni sana. Maswali yako ni mawili, lakini lipo la tatu ambalo hukuuliza, na mimi ningeanza na hilo: mkiambiwa leo mthibitishe kwamba filamu ni yenu, mtaonyesha nini? Maana YouTube watauliza, COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, watauliza, na mtu mtakayempeleka mahakamani atauliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwa maelezo yako, jibu bado halijakamilika. Basi tulikamilishe kwanza, halafu tuwageukie wezi.

Vyeti viwili ulivyovitaja vina kazi yake, ila si hii. BRELA wamesajili kampuni au jina la biashara. Kibali cha Bodi ya Filamu kinatokana na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, na kinahusu kupiga picha, maudhui na ruhusa ya kuonyesha. Hakuna hata kimoja kinachosema mwenye filamu ni nani. Hakimiliki yenyewe inatawaliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, na chini ya sheria hiyo haki huzaliwa pale kazi inapotengenezwa. Haisubiri muhuri. Ndio msingi wa Mkataba wa Berne pia, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, na ndiyo sababu filamu ya Bagamoyo inalindwa hata Ufaransa bila kusajiliwa huko. Cheti cha COSOTA kwa hiyo hakikupi haki, kinakupa ushahidi kwamba tarehe fulani mtu fulani alijitokeza na kazi hii akasema ni yake. Kichukueni, maana kwenye malalamiko ya hapa nchini mtaulizwa. Ile mbinu ya kujitumia nakala kwa posta na kuiacha bahasha bila kufunguliwa achaneni nayo. Bahasha tupu isiyogundishwa hupita posta vilevile, na kila wakili anajua.

Sasa watu tisa. Aliyeandika muswada, aliyeongoza, waliocheza, aliyepiga picha, aliyetunga muziki, aliyehariri: kila mmoja anaweza kuwa na kipande cha haki mkononi ambacho hakijahamia kwenye kampuni. Mnajuana, mmesoma pamoja, hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Nielewe vizuri, sisemi mtagombana. Nasema mnunuzi wa televisheni au wakili wa upande wa pili atauliza, na neno "tunaaminiana" haliambatishwi kwenye barua. Kila mmoja asaini karatasi yenye jina lake kamili, namba ya NIDA, kazi aliyoifanya, alicholipwa au mgawo aliokubaliana, na sentensi inayohamisha haki zake za kiuchumi kwa kampuni: kwa matumizi gani (ukumbini, televisheni, intaneti, nakala), nchi zipi, kwa muda gani. Mashahidi wawili. Risiti ya "nimelipwa yote" haitoshi, kwa sababu kumlipa mtu mshahara wa kazi na kuhamishiwa haki zake ni mambo mawili. Na tarehe iwe ya siku mnayosaini kweli. Andikeni "kazi iliyofanyika kati ya mwezi fulani na mwezi fulani", msirudishe kalenda nyuma. Karatasi ya tarehe ya uongo ikigundulika huiangusha na ile ya kweli iliyo pembeni yake.

Edita ndiye wa haraka kuliko wote. Najua mnamtilia shaka, maana ana faili safi na ana kinyongo cha nusu ya pesa. Msimtuhumu. Mlipeni iliyobaki, na siku hiyohiyo awakabidhi diski kuu (hard disk) yenye projekti, picha ghafi zote na faili la mwisho lenye ubora kamili, kisha asaini uhamisho. Picha ghafi ndizo ushahidi wenu mzito: mwizi anaweza kuwa na filamu nzima, lakini hawezi kuwa na vipande kumi vya tukio moja vilivyokataliwa. Wekeni nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Tuje kwenye wimbo, na hapa nitakaa kidogo. Hiyo kanuni ya sekunde 30 haipo. Haipo katika sheria yetu, haipo Berne, wala Marekani inakodaiwa kutoka. Sheria inaruhusu matumizi fulani bila kibali, kama kunukuu kwa kiasi kinachostahili na kumtaja mtunzi, kufundishia, kuripoti habari, matumizi ya mtu binafsi. Kupamba tukio la filamu inayouzwa hakumo, ziwe sekunde 25 au 5.

Tena wimbo mmoja una tabaka. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti, na kuna rekodi. Kwenye taarabu hata utunzi wenyewe hugawanyika, kwa kuwa mara nyingi shairi ni la mtu mmoja, sauti imepangwa na mwingine, na mwimbaji unayemsikia ni wa tatu. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtunzi aliyefariki 1990, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2040. "Ni wimbo wa zamani" si hoja. Rekodi nayo ina mwenyewe na ina muda wake wa kuhesabiwa peke yake. Rekodi nyingi za bendi na vikundi vya miaka ya 1960 na 1970 zilifanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina yake iko TBC leo. Ruhusa ya mwenye rekodi haimalizi ya warithi wa mtunzi, na ya warithi haimalizi ya rekodi.

Kuulizia Tanga si kazi ngumu. Vikundi kama Black Star na Lucky Star vinakumbukwa mjini, na wazee wa taarabu wa Ngamiani na Chumbageni wanajua nani alimtungia nani. Mkigundua mtunzi ni wa Pemba au Unguja, ofisi ya kuendea si COSOTA tena. Hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake, Na. 14 ya 2003, na chombo chake ni COSOZA. Jambo hilohilo litawahusu filamu yenu ikivuka bahari na kuuzwa Wete au Darajani.

Kwa nini naling'ang'ania wakati nyinyi ndio mlioibiwa? Kwa sababu siku mtakayopandisha filamu kwenye chaneli yenu, mfumo wa YouTube unaweza kuutambua wimbo na mapato yakaelekezwa kwa mwingine. Na kwa sababu ukimshtaki mtu kwa kutumia kazi yako bila ruhusa huku ndani yake mna kazi ya mwenzio bila ruhusa, umempa wakili wake pa kuanzia. Njia ni mbili: kuomba ruhusa kwa maandishi, au kuutoa wimbo na kurekodi sekunde 25 za muziki mpya uliotungwa kwa ajili yenu. Kuutoa ni rahisi zaidi. Hata hivyo ningewatafuta warithi kwa vyovyote, kwa kuwa filamu imeshaonyeshwa mara mbili ikiwa na wimbo wao.

Haya, sasa wezi. Wako wa aina tatu, na kila mmoja anashughulikiwa kivyake.

Wa YouTube ndiye mwepesi. Amegeuza picha kwa sababu Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi, hulinganisha alama za picha na sauti za faili moja na jingine. Wengine hukuza picha kidogo, huweka fremu pembeni au hupandisha sauti ili alama zisilingane. Kwenu hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa Content ID hupewa wenye hazina kubwa ya kazi na nyinyi hamumo. Mnatumia fomu ya kuomba video iondolewe. Lakini kabla ya kuigusa fomu, kusanyeni ushahidi, maana video ikishaondoka imeondoka na ushahidi wake: picha za skrini zinazoonyesha anwani kamili ya video, jina la chaneli, tarehe ya kupandishwa, idadi ya waliotazama na maoni yanayowataja, pamoja na nakala ya video yenyewe. Fomu itataka jina halisi la mwenye haki au mwakilishi wake, na jina hilo linaweza kuonekana kwa mlalamikiwa, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anasimama kwa niaba ya kampuni. Unaweza kuomba iondolewe mara moja au kumpa siku 7 aondoe mwenyewe. Mimi ningechagua mara moja. Aliyegeuza picha ya dakika 90 anajua anachofanya.

Chaneli ikipata straiki, yaani maonyo ya hakimiliki, tatu ndani ya siku 90 hufungwa, ndiyo maana wengi hunyamaza. Akipinga rasmi, mambo hubadilika: YouTube huwapa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba mmechukua hatua ya kisheria dhidi yake, la sivyo video hurudi. Utaratibu huu unatokana na sheria ya Marekani ya 1998, na unatufuata hata sisi kwa sababu kampuni iko huko. Msiitumie fomu dhidi ya kijana aliyechukua sekunde chache kuichambua filamu yenu. Anaweza kuwa ndani ya haki yake, na tamko la uongo kwenye fomu lina adhabu.

Telegram ni kazi nyingine. Kundi la wazi linaweza kuripotiwa na likafutwa, kisha likazaliwa upya jioni kwa jina jipya. Lakini hili lenu linatoza, na pesa ina njia ambayo faili halina. Mmoja wenu alipie mara moja na ahifadhi ujumbe wa muamala bila kuufuta: una namba, jina, tarehe na kumbukumbu ya malipo. Laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, hivyo polisi wakiomba kwa utaratibu, nyuma ya namba kuna mtu. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu hasa kukiuka haki hizi kwa kutumia kompyuta, na anayefanya kwa biashara anakabiliwa na faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote. Kwa hiyo ndiyo, kisheria mnaweza kumfikisha huko. Simu iliyopokea ujumbe msiibadilishe wala kuifuta chochote, kwa kuwa ushahidi wa kielektroniki hupimwa kwa kuaminika kwa jinsi ulivyohifadhiwa, na picha ya skrini peke yake hubishiwa kirahisi. Na tafadhali msiirushe namba ya mtu huyo Instagram. Mtamwonya ahame, na mtajiingiza kwenye kesi ya taarifa binafsi.

Kuhusu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ugumu ni huu: tovuti ina anwani yake na inaweza kuzibwa peke yake. Mahakama za Uingereza zimekuwa zikiwaamuru watoa intaneti kuziba tovuti za namna hiyo tangu 2011. Kundi la Telegram halina anwani ya namna hiyo. Ukiziba, unaziba Telegram nzima, pamoja na wanafunzi na wafanyabiashara waliomo. Marekani ilijaribu kupitisha muswada mpana wa kuziba, SOPA, uliosukumwa na kampuni za filamu na muziki. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ikajifunga kutwa nzima kuupinga, na muswada ukawekwa kando. Ulaya walishika njia nyingine 2019, wakayabebesha majukwaa makubwa ya kushirikishana kazi jukumu la kutafuta leseni. Mijadala hiyo itaendelea. Filamu yenu haiwezi kuisubiri.

Abaki mwenye laibrari ya Ngamiani, yaani duka linalojaza filamu kwenye flashi, na hapa tunaweza tusikubaliane. Sheria inawaruhusu kumlalamikia. Nunueni nakala kwake, andikeni siku na saa, pigeni picha ya bango la duka kutoka barabarani, ombeni risiti hata kama atacheka, mpeleke malalamiko COSOTA mkiwa na cheti. Afisa Utamaduni wa halmashauri atawaelekeza pa kupitia. Msiende na vijana kumnyang'anya kompyuta, kwa sababu hapo kosa litahamia kwenu. Ila fikirini kwanza anauza nini. Filamu ya dakika 90 iliyobanwa vizuri ni kama MB 700. Mteja wake akiipakua mwenyewe anakula bando la siku kadhaa. Dukani inaingia kwenye flashi kwa dakika chache. Anachouza ni kumpunguzia mtu gharama ya intaneti, na nyinyi kwa wiki tatu hamkuwa na cha kumuuzia mtu huyo kwa njia yoyote ile.

Kampuni za muziki za Marekani zilianza kuwashtaki watu wa kawaida kwa maelfu 2003, zikaacha 2008. Uharamia haukuisha kwa kesi zile. Muziki ulianza kulipiwa tena ulipopatikana kwa urahisi na kwa bei ya kueleweka. Kwa hiyo ningemwandikia barua mwenye laibrari, yenye nakala ya cheti, nikimpa siku 14 achague: aifute, au awe wakala kwa bei na mgawo ulioandikwa, akipata faili safi lenye namba yenu ya malipo mwanzoni na mwishoni. Itavuja tena? Itavuja. Lakini atakuwa na sababu ya kuuza yenu. Akikataa, barua hiyo inaingia kwenye faili la malalamiko na hawezi kusema hakujua. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, ni suala jingine: kuonyesha hadharani ni haki inayojitegemea, hata kama mwenye kibanda alinunua nakala halali.

Jambo moja la kiufundi kwa filamu ijayo. Mlituma nakala tano zinazofanana, ndiyo maana hamjui nani aliivujisha. Chagueni sehemu tatu, tuseme dakika ya 12, ya 41 na ya 77, mahali panapobadilika shoti bila mazungumzo. Katika kila sehemu shoti iwe ya kawaida au ndefu kwa fremu 12. Kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni chini ya nusu sekunde, hakuna atakayeona. Sehemu tatu zenye hali mbili zinatoa matoleo 8 tofauti, na sehemu nne zinatoa 16. Andikeni kwenye daftari nani alipewa toleo lipi. Jina la mpokeaji lililoandikwa juu ya picha hukatwa au hufunikwa, lakini urefu wa shoti hubaki hata picha ikigeuzwa, ikikuzwa au ikibanwa. Na hata mwizi akiongeza kasi ya filamu, uwiano wa shoti na shoti hautikisiki.

Wakili wa ana kwa ana mnamhitaji katika nyakati tatu: kabla ya kusaini na msambazaji yeyote (hasa anayeahidi kuwaingiza Content ID, someni asilimia, muda, na kama mnamwachia haki zote), mkitaka fidia mahakamani, na mara tu mlalamikiwa wa YouTube anapopinga. Mhakikini kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mwendeeni na mikataba ya watu wote tisa, cheti, diski kuu ya picha ghafi na ushahidi uliopangwa kwa tarehe. Na barua pepe ya pingamizi ikiingia, ipelekeni siku hiyohiyo. Zile siku 10 zinaanza kuhesabiwa inapofika, na wakili atataka angalau tatu nne za kuandaa hati kabla hajaenda kufungua kesi.